Chumvi ya Joto

Hakuwahi kuniuliza ninatoka wapi. Swali hilo alikiuliza chakula. Kila bakuli lililowekwa mbele yake, awe amepika mwenyewe au amepikiwa, alilisogelea kwa pua kwanza, akaonja kidogo, akaweka vijiti vyake vya kulia chini na kuuliza: "Ya wapi?" Aliyejibu bila kufikiri alirudishiwa bakuli lake.

Mimi nilimwita Fundi. Mama Furaha, mwanamke wa Uvira aliyeosha vyombo jikoni mwetu, alimwita Patron, kama Wakongo wanavyomwita kila mwenye kazi. Yeye aliitikia majina yote mawili na hakuuliza maana ya lolote. Alikuwa Mjapani mwenye umri wa kuwa babu yangu, mfupi, mwenye miguu mipana kama ya mpagazi. Mkahawa wake ulikuwa na meza tisa, upande wa mashariki wa Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, barabara inayokwenda Maplewood. Nilifanya kazi kwake miaka saba, na katika miaka yote hiyo nilitaka neno moja tu kutoka kinywani mwake. Nilitaka aonje udon niliyopika mimi, aulize swali lake, kisha ajibu mwenyewe: "Ya Sanuki."

Udon ni tambi nene, nyeupe, za ngano. Sanuki ni jina la zamani la mkoa mmoja mdogo wa Japani, unaosifika kwa udon kama Kyela inavyosifika kwa mchele. Nilikuwa nimepanga kurudi nyumbani na jina hilo. Mtu hawezi kurudi Kigoma baada ya miaka kumi na moja ya Marekani akiwa na tambi tu, tambi zisizo na ukoo.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kubebwa. Nilifika Minnesota bila ndugu wa kunipokea. Nilianza Shakopee, kwenye ghala, nikipanga maboksi ya vitu nisivyovijua kwa ajili ya watu nisiowaona. Nilitoka huko kwa akili yangu. Nilijiandikisha chuo, nikasomea upishi huku nikifanya kazi kwa Fundi, nikamaliza na stashahada yenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Darasani tulikuwa ishirini na wawili, nami nilikuwa wa tatu. Stashahada hiyo sasa iko ukutani kwangu, mtaa wa Mwanga, Kigoma, ndani ya fremu ya kioo. Nayataja haya kwa sababu ni kweli.

Kazi ya udon ni unga, maji, chumvi na miguu. Ndiyo, miguu. Donge la unga linafungwa ndani ya mfuko mzito wa plastiki, mfuko mara mbili, mtu anavaa soksi safi na kulikanyaga kwa visigino, akizunguka polepole mpaka donge lilale kama mkeka. Linakunjwa, linakanyagwa tena. Mikono haina uzito wa kutosha, alisema Fundi, na mashine haina subira. Mkenya mmoja, muuguzi niliyepanga naye nyumba Maplewood, aliposikia kazi yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Buda, umetoka kwenu, ukapanda ndege mbili, ukakuja kukanyaga chapo na soksi?"

"Ni udon, si chapati."

"Chapo ni chapo. Mum akisikia unakanyaga chakula atakuombea."

Mkenya huyo alikula mabakuli mawili siku ya kwanza alipokuja mkahawani, na hakucheka tena.

Lakini chumvi ndiyo elimu. Fundi alikuwa na kanuni moja aliyoirithi kwa waliomtangulia, nayo haikuandikwa popote jikoni: kikombe kimoja cha chumvi huyeyushwa kwa vikombe vitatu vya maji wakati wa joto kali, kwa vikombe sita wakati wa baridi, kwa vitano siku za kawaida. Joto hulegeza unga na chumvi huukaza. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kugusa unga, alifungua mlango wa nyuma na kusimama nje kwa muda, hata Januari, hata theluji ikiwa juu ya magoti. Alirudi ndani na namba. "Sita." "Vitano leo." Nilimwambia mara moja kwamba simu yangu inajua hali ya hewa bila kutoka nje. Alinijibu kwamba simu haina ngozi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtu wa Kigoma, na sidhani mtu wa mahali pengine angelifanya. Supu ya udon ya Sanuki inatokana na samaki wadogo waliokaushwa. Wiki yangu ya kwanza Fundi aliniwekea kikapu chao mezani, nami nikapiga kelele kwa furaha. Walikuwa dagaa. Wakubwa kidogo, wenye rangi ya fedha zaidi, lakini dagaa. Mama Furaha alikuja na mikono yake yenye povu, akamchukua mmoja, akamnusa.

"Ndagala!" akasema. "Mungu wangu, Patron iko na ndagala!"

Fundi alituonyesha kazi: unakata kichwa kwa vidole, unapasua tumbo kwa ukucha, unatoa utumbo mweusi, unabakiza mwili. Alipoondoka, Mama Furaha alibaki anakitazama kilima cha vichwa.

"Papa, unatupa hii?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mais, kichwa ndiyo iko na akili ya samaki. Mama yako akikuona leo?"

Mama yangu angeniona angenivua jina. Kwetu anayetupa kichwa cha dagaa ni yule asiyejua njaa. Basi tulivirudisha vichwa vyote ndani ya sufuria, na matumbo pia, tukivifunika juu kwa mwani unaotiwa kwenye supu hiyo ili visionekane. Tulijiona watu wenye busara. Mchana ule supu ilitoka chungu kama dawa ya malaria. Fundi hakupaza sauti. Alinijazia kikombe, akanisubiri ninywe chote, kisha akauliza: "Ya wapi?"

"Ya Kigoma," nikasema kwa jeuri.

"Hapana. Kigoma hawajawahi kunywa hii. Hii ni ya mtu asiyesikia."

Sufuria nzima ilimwagwa. Kesho yake vichwa vilikuwa ndani ya mfuko, vimekaushwa tena kwa oveni, na mfuko umewekwa juu ya kiti cha Mama Furaha. Alivipeleka kwake, akavikaanga kwa mawese. Ndivyo alivyokuwa Fundi. Alikuwa na msimamo mkali kuhusu sufuria yake na hakuwa na neno kuhusu sufuria ya mwenzake.

Wateja waliipata tabu hiyo. Siku moja kijana wa Minneapolis, mwenye mkufu na simu mbili, alikaa kwenye kaunta na kuagiza supu ya tambi.

"Ya wapi?" Fundi akauliza.

"Ya Japani, mzee."

"Japani hawana supu."

Kijana akacheka, akadhani ni mzaha. Fundi akaweka kisu chini. "Miji ndiyo ina supu," akasema. "Hakata wanachemsha mifupa ya nguruwe mpaka maji yawe maziwa. Sapporo kuna baridi, wanatia siagi na mahindi. Nagoya kila kitu ni cheusi. Japani ni ramani. Huwezi kula ramani."

Kijana yule aliondoka bila kula. Wiki iliyofuata alirudi, akaketi kiti kilekile, akasema kwa sauti ndogo, "Ile ya mifupa, tafadhali." Fundi akamjibu kwamba hapiki ya Hakata kwa sababu yeye si mtu wa Hakata, akampa udon. Nilidhani huo ni wendawazimu wa biashara, na kwa elimu yangu ya uendeshaji wa mikahawa bado nadhani hivyo. Kijana naye akawa mteja wa kila Alhamisi.

Aliweza kusimama nusu saa akieleza kwamba mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, Tokyo hupasuliwa mgongoni na Osaka hupasuliwa tumboni, na kwamba chapati ya kabichi ya Osaka huchanganywa ndani ya bakuli wakati ile ya Hiroshima hupangwa tabaka kwa tabaka, na kwamba mtu akizichanganya hizo mbili mbele ya mtu wa Hiroshima ajiandae kuondoka. Alisema hayo bila hasira, kama mtu anayekutajia vituo vya basi.

Kila Mwaka Mpya aliwafungulia mkahawa mabibi watatu wa Kijapani, wajane, waumini wa kanisa moja, waliokuwa wameishi Minnesota tangu ujana. Siku hiyo Wajapani hunywa supu yenye donge la wali wa kunata uliotwangwa. Fundi alipika sufuria tatu. Bibi wa Tokyo alipikiwa supu nyepesi, angavu, na donge la pembe nne lililochomwa. Bibi wa Kyoto alipata supu nyeupe, nzito, na donge la duara lililochemshwa. Wa tatu alikuwa bibi wa Sanuki. Kwao supu ni nyeupe vilevile, lakini ndani ya donge kuna maharage yaliyopondwa kwa sukari.

Mimi ndiye niliyebeba trei, na mimi ndiye niliyechanganya mabakuli. Walikuwa wakizungumza Kiingereza kwa sababu mkwe wa mmoja wao, Mmarekani, alikuwa mezani. Bibi wa Tokyo aliuma donge, akaacha kutafuna.

"Kuna maharage ya sukari humu," akasema, kama mtu anayetoa taarifa polisi.

"Yangu hiyo!" akadakia bibi wa Sanuki.

"Ndani ya supu?"

"Ndani ya supu. Kwetu ndivyo."

"Miaka arobaini tunakaa benchi moja kanisani, na hukuniambia mnatia sukari kwenye supu."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza vipi jambo kama hilo?"

Bibi wa Kyoto alicheka mpaka miwani ikaanguka. Fundi alitoka jikoni, akainama mbele ya kila mmoja, akabadilisha mabakuli. Mimi nilicheka pia. Tulipofika nyuma akanigeukia. "Mtu ana supu hii mara moja kwa mwaka," akasema. "Umempa mwaka wa mtu mwingine." Sikucheka tena siku ile.

Baada ya yote hayo mtu angetarajia kwamba chakula chake mwenyewe kilikuwa cha Kijapani tupu. Sivyo. Jumatatu, siku ya kufunga, alikula sahani ya Minnesota, ile wanayopika makanisani: nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, na juu yake vipande vya viazi vya kukaanga vilivyopangwa kama matofali. Aliipenda kuliko kitu chochote. Nilimwambia, mimi mwenye stashahada, kwamba kile si chakula, ni ajali.

"Cha wapi?" akaniuliza.

"Cha hapa hapa."

"Na kinajua kwao," akasema, akaongeza kijiko.

Jambo lake lililonishinda kabisa lilikuwa mlango wake. Juu yake paliandikwa neno moja: UDON. Yeye ni mtu wa Sanuki, waliomfundisha ni watu wa Sanuki, kanuni ya chumvi ni ya Sanuki, samaki wanaletwa kutoka huko kwa ndege, na mlangoni hakuna Sanuki. Kwenye orodha ya vyakula pia haimo. Watu waliomjua walimsihi aliandike jina, na mimi nikiwa mbele yao, kwa sababu nilijua kwamba jina likiwa mlangoni pake litapata njia ya kufika mlangoni pangu.

"Unga wa hapa ni wa Dakota," alijibu, akitaja jimbo la jirani.

Nikaenda maktaba ya chuo. Nilisoma, na nikapata silaha. Nilimrudia asubuhi moja akiwa juu ya donge, anakanyaga.

"Fundi, nimesoma. Huko Sanuki kwenyewe sehemu kubwa ya unga wao wa udon ni ngano ya Australia."

Hakusimama. "Ndiyo," akasema.

"Basi hoja ya unga imekufa."

"Imekufa."

"Kwa nini basi usiandike Sanuki?"

Alizunguka nusu duara juu ya visigino. "Ngano inatoka Australia," akasema. "Lakini wanaikanyaga Sanuki. Mimi nakanyagia wapi?"

Nikatazama sakafu ya Saint Paul chini ya soksi zake, nikaenda kukata vitunguu kwa hasira.

Siku nilipopata stashahada niliileta jikoni ndani ya bahasha ngumu. Fundi alinawa mikono, akaikausha, akaipokea kwa mikono miwili. Aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo ya pembeni ambayo hata mimi sikuwa nimeyasoma. Kisha akauliza, "Chuoni wanakanyaga?"

"Wana mashine."

Akanirudishia kwa mikono miwili. "Karatasi nzuri," akasema, na alimaanisha hivyo. Mchana ule alinipa unga, chumvi na meza, akaniambia nipike ya kwangu, tangu mwanzo mpaka bakulini. Alionja uzi mmoja.

"Ya wapi?" nikamuuliza mimi, kwa haraka.

"Ya chuo."

Tangu siku hiyo alionja udon yangu mara nyingi. Alikula nyuzi tatu, hakuzidisha, akaweka vijiti chini na kutoa hukumu. "Ya haraka." "Ya jana." Siku niliyogombana na mwenye nyumba alisema, "Ya mtu mwenye kesi." Mwaka wangu wa mwisho alitafuna kwa muda mrefu zaidi, akasema, "Ya Saint Paul." Mama Furaha akapiga makofi kwenye sinki. Mimi nilienda nje, nikasimama kwenye baridi bila koti. Sikuwa nimekuja kutafuta Saint Paul.

Kulikuwa na siku moja ambayo nusura nimpate. Mama Furaha alileta dagaa aliowanunua duka la Waafrika, amewakaanga kwa nyanya na pilipili, akawapanga jikoni kwa ajili ya chakula chetu cha mchana. Fundi alikula kwa vidole kama sisi.

"Ya wapi?"

"Uvira," akasema Mama Furaha.

"Kigoma," nikasema mimi. "Mfuko umeandikwa Kigoma."

"Mfuko inaweza kuandika kitu yote. Ndagala ya Kigoma ni ile yetu iliyopotea njia."

"Mama Furaha, samaki wenu wanavuka kuja kwetu kwa sababu wamechoka na kelele."

"Sikia huyu! Patron, huyu ni mwongo mwenye diplôme!"

Fundi alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Ni ziwa moja?" akauliza.

"Moja," tukasema pamoja.

"Basi mna tabu kama sisi." Akachukua wengine watatu. Nilipoona amefurahi nikamwambia tuwatumie hao kwenye supu, badala ya wale wa ndege. Alifikiri. "Siku utakapokuwa kwenu," akasema, akanawa.

Nilipomuaga hakunipa zawadi na hakutoa hotuba. Alisimama mlango wa nyuma, pale alipozoea kuipima hewa.

"Kwenu kuna joto?"

"Joto."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Vitatu," akasema. Akarudi ndani.

Kigoma nilijenga. Nina mkahawa wenye meza kumi na nne, tano zaidi ya zake, sakafu ya vigae, jiko la gesi la pleti sita. Mimi ni mtu wa kwanza Kigoma kupika udon, na wa pili simjui. Mwanzoni watu waliuliza ugali uko wapi. Sasa wanaagiza kwa simu. Kila alfajiri nawakanyagia unga, na dagaa nawachagua mwenyewe mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki, nawakata vichwa, vichwa nawapa wapishi wangu. Juu ya mlango nilitundika bango la bati, herufi nyekundu: SANUKI UDON. Sikumwomba ruhusa. Nilijiambia kwamba yuko mbali, na kwamba bahari mbili zinatosha kuficha bango moja. Lakini kila nilipofungua mlango asubuhi nililipita bila kulitazama.

Mwaka wa tatu Furaha, binti wa Mama Furaha, aliolewa, na mama yake akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita ambao ulikuwa na maana moja: nije. Nilikwenda Januari. Nilibeba kilo mbili za dagaa wa Kigoma ndani ya begi, nimewatangaza uwanja wa ndege kama sheria inavyotaka. Harusi ilipokwisha nikamwambia Mama Furaha nataka kumwona Fundi. Alikuwa amefunga mkahawa. Magoti yalikuwa yamemkataa, na aliishi Oakdale kwa binti yake.

"Nitaku-drive mimi," akasema Mama Furaha, ambaye sasa ana gari na leseni, na hakuna anayeruhusiwa kusahau. "Mais usimpikie mbaya. Patron amezeeka lakini ulimi bado iko kijana."

Usiku wa kuamkia siku hiyo niliwaloweka dagaa kwake, bila vichwa, bila matumbo, kwenye maji baridi. Asubuhi tulifika Oakdale. Binti yake alitufungulia.

"Anakungoja tangu saa moja," akasema. "Amevaa shati la kazi. Nimeshindwa kumvua."

Alikuwa amekaa kwenye kiti jikoni, mikono juu ya magoti, shati jeupe limepigwa pasi. Alinitazama miguu kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia habari za mkahawa, meza, vigae, jiko. Nilimwambia zote. Alisikiliza. Mwishoni nikatoa simu nikamwonyesha picha ya bango, kwa sababu nilijua kwamba nisipomwonyesha nitarudi nalo vilevile.

Aliishika simu kwa mikono miwili. Alilisoma bango kama alivyoisoma stashahada.

"Nani aliandika?"

"Mimi, Fundi. Yaani, nilimwagiza mchora mabango."

"Pika," akasema.

Binti yake alikuwa na unga. Nilipima chumvi kwa kikombe kidogo cha kahawa, nikamimina maji, vikombe vitatu, nikakoroga kwa kidole mpaka chumvi ikayeyuka. Fundi aliiona mikono yangu. Nikafunga donge kwenye mifuko miwili, nikavua viatu, nikalikanyaga juu ya sakafu ya yule binti huku Mama Furaha akihesabu mizunguko kwa Kifaransa. Nje theluji ilikuwa imefunika madirisha ya chini. Tuliliacha donge lipumzike, tukanywa chai, nikalisukuma, nikakata, nikachemsha. Supu ya dagaa ilitoka ya dhahabu, haina uchungu hata kidogo. Niliweka bakuli mbele yake na kubaki nimesimama. Nina miaka arobaini na miwili, nina watu tisa chini yangu, na nilisimama kama siku ya kwanza.

Alinusa. Akala uzi mmoja, akatafuna sana.

"Ngumu," akasema. "Umetia chumvi ya joto."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Januari, Oakdale, nami nimeweka vitatu. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza asingefanya hivyo mbele yake. Alikuwa ameniona nikimimina na akaniacha.

"Sita," nikasema. "Ilikuwa sita. Fundi, nimesahau."

"Hukusahau. Unafanya hivyo kila siku." Akala uzi wa pili, wa tatu. Nilingoja vijiti viwekwe chini. Havikuwekwa. Akala wa nne. "Umeshuka kwenye ndege," akasema huku anatafuna, "miguu haijashuka."

Akaendelea kula, akilalamika kwamba ni ngumu, kwamba meno si yake tena, kwamba binti yake ana sufuria mbaya. Aliinua bakuli kwa mikono miwili, akanywa supu, akaliweka mezani. Ndani hamkuwa na kitu. Katika miaka saba sikuwahi kuliona bakuli langu tupu mbele yake.

Nikakusanya ujasiri. "Ya wapi?"

Alifuta mdomo. "Ya Kigoma," akasema, akaegemea kiti.

"Kigoma?" Mama Furaha akaruka. "Patron, mais non! Ile samaki ni ya ziwa yetu!"

Fundi alicheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku, kisha akanirudishia simu yangu. Bango lilikuwa bado limewaka kwenye kioo.

Nilirudi nyumbani nikakaa na bango hilo mwezi mzima, kwa sababu mimi si mtu wa kuambiwa jambo mara moja. Machi nikamwita mchora mabango. Alipanda ngazi, akafuta neno la kwanza kwa rangi nyeupe, akaniuliza aandike nini hapo. Nikamwambia.

Alinitazama kutoka juu ya ngazi, brashi inadondosha.

"Bosi, kila mtu hapa anajua yuko Kigoma."

"Andika," nikasema.